Acheni Kuitwisha Miche Mzigo wa Dunia

Kila semina, kila kipindi cha redio, kila mkutano wa kijiji anakoalikwa mtu wa hali ya hewa kama mimi, swali ni lilelile: "Mtaalamu, tupande miti mingapi ili mvua zirudi kama zamani?" Anayeuliza ana nia njema. Mara nyingi ni mzee aliyezoea masika ya kuanza Machi na kwisha Mei, na sasa anaona mahindi yake yakikauka Aprili. Waliomzunguka wanatikisa vichwa kumuunga mkono, mwenyekiti anasubiri nitaje idadi, na miche tayari imeshushwa kwenye gari.

Sitaji idadi kwa sababu haipo. Miche ya shule na ya halmashauri haitarudisha mvua za zamani, haitarudisha barafu ya Kilimanjaro, na haitafuta ongezeko la joto la dunia. Nimechoka kulilainisha jibu hili, maana madhara ya kulilainisha yameanza kuonekana. Mtu aliyeahidiwa mvua kwa malipo ya miche, mvua isipokuja, hasemi kwamba alidanganywa kuhusu miti. Anasema mabadiliko ya tabianchi ni hadithi ya watu wa miradi. Na mimi siwezi kumlaumu.

Tuanze na hesabu, maana hiyo ndiyo inayokata ubishi. Chukua mti mkubwa wa wastani, ambao ukikatwa na kukaushwa kabisa una kilo 500. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni, kilo 250. Ili kuipata kaboni hiyo, mti umevuta hewa ya ukaa ya takribani kilo 900 na ushee, tena kwa maisha yake yote, si kwa mwaka. Sasa mafuta, gesi na makaa ya mawe yanayochomwa duniani hutoa kama tani bilioni 37 za hewa ya ukaa kila mwaka. Gawanya. Inatakiwa miti mipya bilioni 40 iliyokwisha kukomaa ili kufuta uchafu wa mwaka mmoja. Ukiipanga miti 400 kwa hekta, nafasi inayoitosha miti ya ukubwa huo, utahitaji hekta milioni 100, yaani kilomita za mraba milioni moja. Tanzania nzima, maziwa yake yakiwemo, haifiki kilomita za mraba 950,000. Huo ni mwaka mmoja. Mwakani itahitajika Tanzania nyingine isiyo na shamba, nyumba wala barabara, na mwaka unaofuata nyingine tena.

Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 2023 serikali ilitoa hadi siku ya mapumziko ili wananchi wakapande. Tuseme yote inapona, yote inafikia kilo 500, hakuna hata mmoja unaoungua au kukatwa kuni. Itakuwa imefuta uchafu wa dunia wa miezi minne na nusu hivi. Kwetu Tanzania kila halmashauri imewekewa lengo la miti milioni 1.5 kwa mwaka. Fanyeni wenyewe hesabu hiyo.

Na hapo tumeichukulia miti kana kwamba inapona. Rudi Agosti mahali palipofanyika sherehe Aprili. Vuta mche mmoja uliokauka na uutazame chini: mara nyingi utakuta kiriba cheusi bado kimeuvaa, mizizi imejizungusha ndani yake kama uzi kwenye kibiringo kwa sababu mpandaji hakukichana. Shimo ni la kina cha kiganja. Hakuna boji, hakuna uzio, na kinyesi cha mbuzi kinaonyesha nani aliyepita. Picha zilipigwa, idadi ikaandikwa kwenye taarifa ya wilaya, na taarifa hiyo haina safu ya miti iliyokufa.

Lakini hata mti uliopona una ukomo ambao hausemwi kwenye hotuba. Kaboni iliyomo kwenye miti, udongo, nyasi na hewa ni kama fedha za upatu. Mwezi huu anapokea Rehema, mwezi ujao Asha, na jumla ya kilichomo kwenye mchezo ni ileile. Mti unakua, unavuta. Unakufa, unaoza au unaungua, unarudisha. Makaa ya mawe na mafuta hayamo kwenye mchezo huo. Hiyo ni kaboni iliyofukiwa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka, na anayeichimba na kuichoma anamwaga fedha mpya katikati ya wanachama kila siku. Huwezi kuzimaliza fedha hizo kwa kumwomba Asha azishike kidogo. Mwaka 1958, Charles David Keeling alipoanza kupima hewa kwenye mlima Mauna Loa huko Hawaii, katika kila chembe milioni moja za hewa kulikuwa na chembe 315 hivi za hewa ya ukaa. Kabla ya enzi ya viwanda zilikuwa 280. Sasa zimepita 420.

Hapo huinuka mtu wa pili na Kilimanjaro yake. "Barafu imeisha kwa sababu Wachagga wamemaliza msitu." Kauli hii nimeisikia kwa walimu, kwa waandishi, kwa viongozi wenye shahada. Ni kosa, na ni kosa linalowaonea watu.

Barafu ya Kilimanjaro ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19. Hans Meyer aliyefika kileleni mwaka 1889 alirudi 1898 akakuta tayari imerudi nyuma. Ramani ya 1912 ilionyesha kilomita za mraba kama 12. Kufikia 2007 zaidi ya asilimia 80 ya eneo hilo ilikuwa imetoweka. Barafu hiyo iko juu sana, mahali ambapo halijoto ya hewa kwa kawaida iko chini ya sifuri, kwa hiyo sehemu kubwa haiyeyuki kuwa maji. Inaliwa na jua na kugeuka mvuke moja kwa moja, na theluji mpya ya kuifidia haitoshi kwa sababu hewa ya juu imekuwa kavu. Ukavu huo watafiti wameufuatilia hadi kwenye Bahari ya Hindi, namna joto la maji yake lilivyobadilika na kupunguza unyevu unaofika mlimani. Wengine walijiuliza swali lilelile la wananchi: je, kufyeka msitu wa chini kumechangia? Wakapima, wakaendesha kompyuta, na jibu lililochapishwa mwaka 2012 ni kwamba mchango wa ufyekaji ni mdogo.

Najua wanaokana ongezeko la joto wanaipenda historia hii. Wanasema: kama barafu ilianza kupungua kabla ya magari kuwa mengi, basi binadamu hahusiki. Wapande basi Mlima Kenya. Barafu ya Lewis imepimwa tangu 1934, na kufikia 2010 ilikuwa imepoteza takribani asilimia 90 ya ujazo wake. Rwenzori nako ni hivyohivyo. Kilimanjaro peke yake ni kipimajoto kibaya kwa sababu ya urefu wake na ukavu wake. Anayeishi kwa kuokota mlima mmoja unaomfaa na kuiacha mingine hafanyi sayansi.

Kuhusu msitu wa Kilimanjaro wenyewe, hapo ndipo ninapokasirika kweli, kwa sababu una kazi kubwa kuliko ile tunayoubambikia. Maji ya Moshi na ya tambarare ya Pangani hayatoki kwenye barafu, hata katika miaka barafu ilipokuwa nene. Mvua kubwa zaidi ya mlima hunyesha kwenye ukanda wa msitu, mita elfu mbili na kitu, na mawingu yanayogota kwenye majani na kuvumwani hudondosha maji hata siku isiyo na mvua. Moto wa juu umeushusha mpaka wa msitu huo kwa mamia ya mita. Oktoba 2020 peke yake ziliungua kilomita za mraba zipatazo 95 mlimani. Maelfu ya miche barabarani Himo hayafidii eneo hilo. Ulinzi dhidi ya moto ungefidia, lakini kuzuia moto hakuna picha ya kiongozi ameshika jembe.

Sasa mvua. Masika na vuli huletwa na ukanda wa mvua unaolifuata jua likienda kaskazini na kurudi kusini, na mvuke wake mwingi hutoka baharini. Maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yakiwa na joto kuliko kawaida, vuli hufurika, kama mwaka 2019 na tena 2023. Yakipoa, vuli hukauka. Misitu mikubwa kama ya Kongo inachangia mvuke kweli, inaurudisha angani na mvua ikanyesha mbali zaidi. Kuifyeka ni kujikata. Bustani ya mikaratusi nyuma ya ofisi ya kata haiiti wingu. Ikipandwa kando ya chemchemi inaweza kuikausha, na ndiyo sababu mwaka 2009 serikali ya Kenya iliagiza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji.

Yuleyule anayekana ongezeko la joto atasema: basi ni bahari, si binadamu. Bahari hiyo imepashwa na nani? Sehemu kubwa kabisa ya joto la ziada linalonaswa na hewa ya ukaa huishia baharini. Na kila digrii moja ya joto huipa hewa uwezo wa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Hewa yenye kiu inanyonya shamba kwa nguvu zaidi wakati wa kiangazi, na wingu lililoshiba linamwaga kwa nguvu zaidi wakati wa mvua. Ndiyo maana kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia misimu mitano ya mvua mfululizo ilishindwa kuanzia mwishoni mwa 2020, kisha vuli ya 2023 ikaleta mafuriko palepale kwenye mizoga ya ng'ombe. Watafiti wa kundi la World Weather Attribution walikadiria kwamba joto la dunia lilifanya ukame wa namna ile uwe rahisi kutokea kwa takribani mara 100. Anayeuliza "mnasema ukame, mbona makazi ya chini ya mlima Hanang yalizolewa na tope?" anapata jibu hapo. Hakuna mgongano.

Kwa wale wanaosema chanzo ni jua au volkano nitakuwa mfupi. Mwanga wa jua unapimwa na satelaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na haujapanda kufuata joto hili. Jua lingekuwa ndilo linalotupasha, tabaka la juu la angahewa, stratosfia, lingepata joto pamoja nasi. Linapoa, kama inavyotarajiwa joto likinaswa chini. Volkano zote za dunia, Ol Doinyo Lengai ikiwemo, hutoa hewa ya ukaa isiyofika asilimia moja ya ile inayotokana na binadamu. Na anayesema hali ya hewa hubadilika yenyewe tangu enzi na enzi anasema kweli, kama anavyosema kweli mtu kwamba watu walikufa kabla ya bunduki kuvumbuliwa. Wenye kampuni za mafuta hawakuwa na shaka hiyo. Wanasayansi wa Exxon walikadiria mwenendo wa joto tangu miaka ya 1970, na makadirio yao yalipochambuliwa na kuchapishwa mwaka 2023 yalionekana kuwa sahihi sana. Wakubwa wao waliendelea kuuza shaka hadharani.

Tunafika kwa nani anawajibika, na hapa miche inatumika vibaya kuliko mahali popote.

Mmarekani wa wastani hutoa kama tani 14 za hewa ya ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Katari inapita tani 30 kwa mtu. Mtanzania wa wastani hafiki hata nusu tani. Anachotoa kwa mwaka mzima Mmarekani anakimaliza kwa wiki moja au mbili. Bara zima la Afrika linatoa kama asilimia 4 ya jumla ya dunia. Kisha tunamwendea mama lishe wa Buguruni anayenunua mkaa wa kopo kwa sababu hana fedha za gunia, tunamwambia yeye ndiye aliyeiharibu hali ya hewa, na adhabu yake ni kupanda mti. Wazo kwamba kila mtu ajihesabie hewa yake ya ukaa mwenyewe lilipigiwa debe na kampuni ya mafuta ya BP, iliyoweka kikokotoo cha umma mwaka 2004. Ilikuwa na faida kubwa kwao watu wajitazame majikoni badala ya kutazama visima.

Msinielewe kwamba nampa kila mtu ruhusa ya kukaa kimya. Nchini mwetu hewa nyingi ya ukaa haitoki kwenye mabomba ya magari, inatoka kwenye misitu inayofyekwa, na takwimu za serikali zimewahi kutaja zaidi ya hekta 460,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa inafyekwa kwa ajili ya mashamba, tena mengi ya ufuta na mahindi yanayohamahama. Na wapo Watanzania ambao wastani wa taifa hauwahusu. Safari moja ya ndege kwenda London na kurudi inamwekea abiria hewa ya ukaa inayozidi ile ya Mtanzania wa kawaida kwa miaka mitatu. Mwenye gari la lita tano, viyoyozi vinne na jenereta, akija kwenye sherehe ya miti na kofia ya kijani, ana wajibu ambao mche hauufuti. Ila wajibu wa namna hiyo ni wake, si wa kijiji.

Wala sisemi msipande. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 hakuwaahidi wanawake wa vijijini kwamba dunia itapoa. Walilalamikia kuni, maji na udongo unaochukuliwa na mvua, na miti ilijibu malalamiko hayo. Baadaye alisimama mbele ya waliotaka kuchukua bustani ya Uhuru na msitu wa Karura, kwa sababu alijua mti uliosimama una thamani kuliko ahadi ya kupanda. Pandeni kwa sababu hizo: kivuli, matunda, kuni, lishe ya mifugo, mizizi inayoshika ukingo wa mto. Kila sababu hapo inaonekana kwa macho, na isipotimia mtajua nani aulizwe.

Sasa ya kufanya, haraka, maana yanajulikana. Acheni kung'oa visiki: miombo na migunga iliyokatwa huchipua yenyewe, chagueni machipukizi mawili matatu, pogoeni mengine, zuieni mifugo, ndiyo kisiki hai wanachofanya wakulima wa Dodoma, na hakihitaji kiriba. Wasukuma wana ngitili; Shinyanga, kuanzia 1986, walirudisha zaidi ya hekta 300,000 za malisho na miti kwa kutenga eneo na kulipumzisha. Wekeni mipaka ya msitu wa kijiji na kuisajili kabla ya mnunuzi kufika. Lindeni mikoko. Limeni kwa makinga maji, mashimo ya Chololo au matuta ya fanya juu kama ya Machakos, maana mvua ikija itakuja yote kwa siku moja. Pandeni mtama au mbegu za mahindi za muda mfupi pale utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unaposema msimu utakuwa chini ya wastani, na sikilizeni utabiri wa siku kumi, si ule wa mwaka jana. Msijenge kwenye bonde la Jangwani jijini Dar es Salaam wala kwenye kijito kilichokauka, kikavu hakijafa. Mwenye uwezo ahamie gesi au jiko la umeme la presha, na serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, kwa hiyo uliza ruzuku ya mtungi iko wapi. Mwenye biashara aweke sola, apunguze ndege. Na kwenye mikutano ya kimataifa wanaotuwakilisha waache kujivunia idadi ya miche. Wadai fedha za hasara ya mafuriko na wadai visima vipya vya mafuta visifunguliwe, na hapo tujiandae kujibu swali gumu la mafuta na gesi ya kwetu wenyewe.

Diwani akija na miche mwaka huu, usimuulize itarudisha mvua lini. Muulize nani analipwa kuimwagilia Agosti, ramani ya msitu wa asili wa kata yetu iko kwenye ofisi gani, na mfereji wa sokoni utazibuliwa tarehe ngapi kabla ya vuli kuanza.